Mkorofi ni Samaki, au ni Tangi?

Msamvu iko mbali na Bahari ya Hindi kwa kiasi cha kilomita 190 kwa njia ya barabara, lakini umbali huo haumzuii tena mtu kufuga samaki wa matumbawe sebuleni kwake. Samaki hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji ya chumvi na oksijeni, mfuko hufungwa ndani ya boksi, na boksi hupakiwa katika basi la kutoka Dar es Salaam kama mzigo mwingine wowote. Jioni ile ile samaki aliyezoea ufa wa mwamba anaogelea ndani ya kioo, na nje ya dirisha hakuna mawimbi ila honi za mabasi yaendayo Dodoma na Iringa.

Katika tangi mojawapo la namna hiyo, lenye ujazo wa lita 200 hivi, walitiwa kangaja wawili wa aina moja. Siku ya kwanza mmoja alimfukuza mwenzake huku na huku. Siku ya pili mapezi ya yule aliyefukuzwa yalikuwa yamechanika, naye alikuwa amejibanza juu, penye kona, karibu na mpira wa hewa. Siku ya nne alikufa. Kangaja ana mwiba mkali kama wembe kila upande wa shina la mkia, na mwili wa marehemu ulionyesha wazi kwamba mwiba huo ulikuwa umefanya kazi yake. Mwenye tangi alitoa hukumu ambayo nimeisikia mara nyingi, hata katika vyumba vya madarasa: samaki huyu ni mkorofi, ndivyo alivyoumbwa.

Nia ya makala hii ni kuipinga hukumu hiyo. Huruma kwa samaki ina nafasi yake, lakini sababu yangu kubwa ni kwamba hukumu hiyo ni sayansi mbovu. Na sayansi mbovu inayofundishwa kwa mfano unaoonekana kwa macho hukaa kichwani mwa mwanafunzi muda mrefu kuliko ile iliyoandikwa ubaoni.

Tumtazame kwanza kangaja akiwa kwao. Chakula chake ni mwani mfupi uotao juu ya mawe penye mwanga wa kutosha. Kipande cha mwamba chenye mwani mzuri ni sawasawa na shamba, tena shamba linaloota upya kila siku mradi lisivamiwe na walaji wengi kwa wakati mmoja. Kangaja wa aina iitwayo Acanthurus lineatus, ambao hupatikana katika miamba ya pwani yetu, hulinda kila mmoja kipande chake chenye ukubwa wa mita za mraba kadhaa. Samaki anayekula vijidudu vinavyoelea majini hupita juu ya shamba hilo bila kuguswa. Akitokea mla mwani, na hasa akitokea kangaja mwenzake, hufukuzwa mara moja. Anayefukuzwa huogelea mita chache, huvuka mpaka, na shauri huishia hapo. Mwenye shamba hugeuka akarudi kula. Mbio hizi hutokea mara nyingi kwa siku, lakini mwiba hutumika kwa nadra, kwa sababu hauhitajiwi.

Mtaalamu aliyeyafanya mambo haya yajulikane duniani ni Konrad Lorenz wa Austria, ambaye mwaka 1963 alitoa kwa Kijerumani kitabu juu ya uchokozi wa wanyama. Kitabu hicho huanza na samaki wa matumbawe, wale aliowaona alipopiga mbizi na wale aliowafuga katika matangi. Lorenz aliona kwamba samaki wa miambani huwashambulia wale wa aina yao kuliko wanavyowashambulia wengine, akaeleza sababu: wa aina yako ndiye anayekula kile unachokula wewe. Ugomvi wao huwatawanya juu ya mwamba, kila mmoja akapata pa kuchumia. Mwaka 1973 Lorenz, Nikolaas Tinbergen na Karl von Frisch walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya tabia za wanyama. Sehemu hii ya mafundisho yake, yaani ile ihusuyo kutawanyika, mimi naikubali.

Lakini Lorenz hakuishia hapo. Alifundisha kwamba uchokozi hujikusanya wenyewe ndani ya mnyama, kama maji yanayodondoka katika mtungi hata kama hakuna anayeyahitaji. Na yasipopata njia ya kutokea hufurika. Ushahidi wake mmojawapo ulitoka kwa samaki wa ukoo wa perege. Dume na jike wakifugwa peke yao bila majirani, alisema, dume huishia kumgeukia jike wake na pengine humwua. Wafugaji walikwisha kubuni tiba: kumtia samaki wa tatu ili ghadhabu imwendee yeye. Tiba hiyo bado hutolewa hadi leo kama siri ya ufundi. Sijui ni uganga gani huu unaoponya kwa kumleta wa kupigwa.

Sifa ya nadharia iliyo wazi ni kwamba hupimika. Ikiwa mtungi hujaa wenyewe, basi dume aliyetengwa na wapinzani wake anapaswa kuwa mkali zaidi kila siku ipitayo. Heiligenberg na Kramer walilipima jambo hili, wakatangaza matokeo yao mwaka 1972. Samaki waliyemtumia ni wa kwetu, mwenyeji wa Ziwa Tanganyika. Wakati ule aliitwa Haplochromis burtoni, na leo huitwa Astatotilapia burtoni. Ni samaki mdogo anayetosha kiganjani. Dume aliwekwa katika tangi pamoja na samaki wachanga, na wachunguzi wakahesabu ni mara ngapi anawashambulia wachanga hao akiwa hajasumbuliwa na kitu. Kisha alionyeshwa sanamu ya samaki iliyofanana na dume mpinzani. Baada ya kuiona, mashambulizi yake juu ya wachanga yaliongezeka, na alipozidi kuonyeshwa yalizidi kuwa mengi. Aliponyimwa vichocheo vya namna hiyo, hesabu ilishuka taratibu, siku hata siku. Mtungi uliotazamiwa kufurika ulikauka.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1969, mchunguzi aitwaye Leong alikuwa ameonyesha kwa samaki huyo huyo kwamba hata sura ya sanamu ina hesabu yake. Mstari mweusi unaopita jichoni, ambao dume mwenye himaya huwa nao, huongeza mashambulizi. Madoa ya rangi ya machungwa yaliyo ubavuni juu ya pezi huyapunguza. Ndugu mwalimu, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ukali wa samaki huyu uliweza kuongezwa na kupunguzwa kwa kubadili kile anachokiona. Kitu kinachopanda na kushuka namna hiyo hakiwezi kuelezwa kwa neno “ameumbwa hivyo” peke yake.

Kuna jaribio jingine, la Tinbergen, ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue kwa sababu halina mashine wala hesabu ngumu. Alitumia samaki mdogo wa Ulaya mwenye miiba mitatu mgongoni, ambaye dume lake huwa na tumbo jekundu wakati wa kuzaa. Madume wawili walikuwa wamejenga viota, mmoja upande huu wa tangi na mwingine upande ule. Tinbergen alimtia kila mmoja ndani ya mrija wa kioo. Mirija yote miwili ilipopelekwa karibu na kiota cha wa kwanza, wa kwanza alijaribu kushambulia na wa pili akajaribu kukimbia. Mirija ilipohamishiwa karibu na kiota cha wa pili, mambo yaligeuka: aliyekuwa shujaa akawa mtoro, na mtoro akawa shujaa. Samaki walikuwa wale wale, na damu ile ile. Kilichobadilika ni mahali tu. Tinbergen alisimulia pia kwamba huko Leiden samaki hao waliukimbilia upande wa dirisha wakiwa tayari kupigana kila gari jekundu la posta lilipopita barabarani. Wachunguzi wa baadaye waliorudia majaribio ya rangi nyekundu hawakupata jibu moja, kwa hiyo nisingependa tuitegemee sana hadithi ya gari la posta, ingawa inafurahisha. Kwa magari yanayopita Msamvu kutwa kucha, samaki wa namna hiyo asingepumzika.

Sasa turudi kwa kangaja wa Msamvu. Tangi la lita 200 laweza kuwa na urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40. Sakafu yake yote ni nusu mita ya mraba. Shamba la samaki mmoja kule mwambani ni kubwa mara nyingi kuliko ulimwengu mzima waliopewa hawa wawili. Aliyeshindwa alifanya kile ambacho kingemwokoa kwao: alikimbia. Lakini baada ya mita moja alikutana na kioo, na hapo alipokwama bado alikuwa ndani ya himaya ya mwenzake, tena mbele ya macho yake. Yeye mwenyewe, kwa kule kuonekana tu, alikuwa kichocheo kisichoondoka mchana wote. Tukijaribu kulitazama jambo kwa upande wa aliyeua, yeye alimwona mvamizi aliyeambiwa aondoke mara mia na hakuondoka. Kwao hali kama hiyo haidumu, ndiyo maana hakuna sababu ya kutazamia kwamba samaki angekuwa na njia ya kuimaliza.

Kwa hiyo wawili ni idadi mbaya kuliko zote. Jambo hili huwashangaza watu, kwani tunadhani kwamba wakiwa wachache ndipo amani huwa kubwa. Mwaka 1964 Mmarekani Jerram Brown, aliyekuwa akichunguza ndege, alieleza kwamba mnyama hulinda himaya pale tu ambapo faida ya kuilinda inazidi gharama. Mvamizi mmoja hufukuzika kwa gharama ndogo, lakini wavamizi ishirini hawafukuziki. Mlinzi angekufa kwa njaa na uchovu. Wafugaji wa perege wanalijua hili kwa vitendo: katika hifadhi iliyojazwa samaki wengi madume hushindwa kushika viota vyao, na ugomvi hutawanyika hata asiwepo mmoja anayebeba mapigo yote. Hata hivyo nisieleweke kwamba nawashauri watu wajaze samaki katika tangi la nyumbani. Samaki wengi hutoa amonia nyingi, nayo huwaua kwa ukimya kuliko mwiba wa kangaja, isipokuwa pawepo kichujio chenye bakteria wa kutosha na hewa isiyokatika. Umeme ukikatika usiku mmoja, hesabu yote huharibika.

Kwa mfugaji wa perege wa hapa Morogoro kanuni hiyo ya Brown ina matumizi mengine yaliyo mepesi. Chakula kikimwagwa mahali pamoja kila siku, mahali hapo hugeuka kuwa shamba linalolindika, na samaki wakubwa wachache hulishika huku wadogo wakidumaa. Kikitawanywa juu ya maji sehemu mbalimbali, hakilindiki. Mfugaji anayelalamika kwamba samaki wake wakubwa ni walafi angefaa kwanza kutazama mkono wake unavyomwaga pumba.

Mfano mzuri wa ugomvi uliopangiwa utaratibu ni ule wa samaki wa anemoni, wanaopendwa mno na wafugaji wa mapambo. Pwani ya Afrika Mashariki tunao Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi. Huishi kikundi kidogo ndani ya anemoni moja: jike ndiye mkubwa kuliko wote, dume wake ni wa pili, na wengine wadogo wanangoja zamu. Mwaka 1977 Hans Fricke na Simone Fricke walieleza kwamba jike akifa, dume hubadilika kuwa jike, na mmoja wa wadogo hukua akawa dume. Mwaka 2003 Peter Buston, aliyewachunguza jamaa zao huko Papua New Guinea, alionyesha kwamba kila mmoja huzuia ukuaji wake ili abaki mdogo kwa kiasi maalumu kuliko yule aliye juu yake. Asipofanya hivyo hufukuzwa, na nje ya anemoni kuna midomo mingi inayomsubiri. Kwa njia hii wakali hawa huishi miaka mingi bila kuuana. Sasa mtu anunue wawili walio sawa kwa ukubwa, kwa kuwa sawa kwa sawa hupendeza macho, na awatie pamoja: amewanyima kile kitu kimoja kinachowapatanisha.

Najua pingamizi litakalotolewa. Aina za samaki hazilingani kwa ukali. Kangaja na tasi, wote wala mwani, hawana tabia moja, na hata ndani ya aina moja wako wapole na washari. Ni kweli. Tofauti hizo zina asili ya kurithiwa, na ningekuwa nawadanganya wanafunzi kama ningesema kila kitu ni mazingira. Lakini kinachorithiwa ni namna ya kuitikia, na mwitikio hungoja cha kuitikiwa. Mwenye tangi hana uwezo juu ya urithi wa samaki wake. Nafasi, maficho, ukubwa, idadi na mpangilio wa kuingia majini vyote vimo mikononi mwake, na kwa hiyo lawama nayo imo humo humo.

Kuna sababu moja zaidi inayonifanya nisilichukulie jambo hili kama la samaki peke yao. Lorenz mwenyewe, katika kitabu kile kile, alivuka kutoka kwa samaki hadi kwa binadamu na vita vyake, kana kwamba mtungi ni ule ule. Mwaka 1986 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikutana Seville, Hispania, wakatoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kusema kuwa binadamu amerithi tabia ya kupigana vita kutoka kwa wanyama. UNESCO ililipitisha tamko hilo mwaka 1989. Habari hizo hazijafika kila mahali. Katika shule moja ya bweni nilimsikia mtu mzima akiwajibu wanafunzi wa kidato cha kwanza waliolalamikia kuonewa na wakubwa: “Hata samaki wakubwa huwapiga wadogo, ndiyo dunia.” Jibu hilo lilikuwa na sura ya elimu ya viumbe, na watoto walinyamaza. Wala mimi sina haki ya kuligeuza na kusema kwamba bweni ni tangi. Nami ningekuwa nimerukia pale pale alipovukia Lorenz. Yanayotendeka bwenini yana wahusika wanaoweza kuulizwa maswali na kuyajibu, na samaki hawapaswi kuitwa kutoa ushahidi kwa upande wowote.

Kwa shule za Morogoro zinazotaka tangi, rai yangu ni kwamba samaki wa baharini waachwe baharini. Gharama ya chumvi, taa na vichujio ni kubwa, na kila kinachofundishwa na kangaja chaweza kufundishwa na perege wa Mto Ngerengere au wa bwawa la Mindu, ambaye afisa uvuvi wa wilaya anaweza kuishauri shule namna ya kumpata. Perege dume huchimba kiota mchangani, huwa na rangi nzito wakati wa kuzaa, na hulinda mpaka wake mbele ya darasa zima. Anayetaka kuona matumbawe na aende kuyaona yalipo, kwa mfano Chumbe, Zanzibar, ambako watoto wa shule hupelekwa kwa ziara za masomo.

Shule yenye matangi mawili inaweza kuyapima maneno yangu badala ya kuyaamini. Watiwe perege wadogo wanne wanne wanaolingana kwa idadi na ukubwa. Tangi la kwanza liachwe tupu kwa muda wa juma moja, la pili litiwe vigae vya vyungu vilivyovunjika, vilivyosimamishwa ili samaki asiweze kuona kutoka pembe moja hadi nyingine. Kila siku kwa saa ile ile, kabla ya kulisha, wanafunzi wawili wahesabu mashambulizi kwa dakika 10 kila tangi, bila kuonyeshana daftari zao mpaka mwisho. Juma la pili vigae vihamishwe kutoka tangi la pili hadi la kwanza, kwa maana bila kufanya hivyo hatutajua kama tofauti ilitokana na vigae au na samaki wenyewe. Juma la tatu kila tangi litegewe kioo cha kujitazamia nje ya ukuta wake, kwa dakika 5 tu, na mashambulizi yahesabiwe kabla na baada. Samaki yeyote atakayeonekana amejibanza juu penye kona, mapezi yamechanika, atolewe siku hiyo hiyo na kutiwa katika ndoo yenye maji ya tangi lile lile, na jambo hilo liandikwe katika daftari pamoja na hesabu nyingine.